Siku Jogoo Alipopanda Ngofi

1

Radi ilipopiga mnara wa mawasiliano juu ya mlima Ngofi, Navoneiwa, mrushaji wa kituo cha Ikongwe, alishtuka akamwaga chai yake yote ya tangawizi mezani. Akasonya. Akachukua khanga, akaanza kufuta, na alipoinua macho akaona kioo cha mitambo kimebaki cheusi, isipokuwa alama moja ya kijani kwenye kona ya chini. Alama ile ilikuwa ya jogoo.

Hakuogopa. Mnara ulikuwa umeshapigwa radi mara nyingi, na kila mara mashine zilirudi zenyewe. Ndiyo maana zililetwa. Barabara ya kwenda bondeni ilipokatika kwa mara ya mwisho, Navoneiwa akiwa bado msichana wa kucheza rede, wakubwa walikaa wakakuna vichwa, wakaona kuitengeneza kila baada ya masika ni kazi isiyo na mwisho. Wakaleta mashine za kuruka. Zile ndogo za dawa na damu watu waliziita vipanga. Ile kubwa yenye pangaboi sita na kitanda ndani waliiita machela, kwa kuwa babu zao wakiugua walibebwa kwenye machela, na hakuna aliyeona haja ya kutafuta neno jipya.

Nesi Aikande alichungulia mlangoni. Zahanati na kituo vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, na mtu akipiga chafya huku, kule anaambiwa afya.

"Umeme umekatika au ni macho yangu?"

"Mnara, dada. Radi imekula tena."

"Na mashine?"

"Machela imetua Chambeta, ng'ambo ya mlima, inamsubiri Namkunda. Mkunga wa kule aliniambia kabla mnara haujafa kwamba uchungu umekaza na mtoto amekaa vibaya, wanamwandaa wamfunge mikanda. Kipanga kimeshatoka hospitali ya bondeni na damu ya kumwongezea baba mkwe."

"Zitarudi?"

"Zinajua nyumbani," alisema Navoneiwa, akaendelea kufuta meza.

Zilijua nyumbani kwa sababu ya jogoo. Jogoo alikuwa sanduku la chuma lenye ukubwa wa begi la shule, limefungwa kwa nati nne kwenye zege la kiwanja. Kazi yake ilikuwa kuwika. Kila baada ya sekunde chache alitoa mlio mzito usiosikika na sikio la mtu, mlio uliopita hata pale ambapo mawimbi ya mnara yalizuiwa na milima. Hakuwa na maneno mengi. Alisema nyumbani ni hapa, na kimo cha hapa ni hiki, basi. Mashine ikipoteza sauti ya mrushaji humsikiliza jogoo. Hupanda mpaka ifike kimo cha kurudia ilichopangiwa, kikihesabiwa kutoka pale alipo jogoo, kisha huja moja kwa moja bila kupinda kona, na ikifika juu yake hushuka taratibu. Siku za jua ina macho ya mbele ya kukwepa mti au mwamba. Siku za ukungu macho hayo hayaisaidii kitu.

Navoneiwa alimaliza kufuta, akasogea dirishani kukamua khanga. Akainua uso kuutazama mlima. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba ya juu, na Ngofi yote, mgongo na mabega, haikuonekana.

Mkono wenye khanga ukabaki hewani.

Kwa miaka yote ya kazi yake dirisha la kituo lilimwonyesha bonde. Asubuhi alikunywa chai akitazama chini, akahesabu paa za bati na kuona nani amechelewa kuwasha moto. Kituo kilikuwa juu, kwenye bega la Ngofi, karibu kabisa na mgongo wake. Sasa alikuwa anatazama juu.

"Mia na ishirini," alijisemea. "Mia na ishirini kutoka wapi?"

2

Aliyekihamisha kituo, ukitaka kumtaja mmoja, ni mzee Mbonea, baba mkwe wake Navoneiwa. Watu wa huku na kesi wanajuana tangu zamani. Mtu yuko radhi kulala njaa, bora shauri lake lisikilizwe. Mzee Mbonea aliwashtaki warushaji mbele ya baraza la kata, na mkwewe akiwa ndiye mrushaji mkuu, jambo ambalo halikumpotezea usingizi. Hoja yake ilikuwa fupi. Machela inakuja kumchukua mgonjwa, alisema, halafu mgonjwa apande mlima kuifuata. Sasa nani mgonjwa hapo, mtu au mashine?

Baraza lilicheka mpaka likampa haki yake. Ikaamuliwa kituo kishushwe, kikae ubavuni mwa zahanati, mita mia mbili chini ya bega la Ngofi. Fundi wa kampuni aliahidi kuja baada ya mvua. Ikongwe haikumsubiri. Mzirai, mpiga pembe wa kijiji, alipuliza pembe ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji kizima, na siku ya msaragambo asiyetokea bila sababu hutozwa debe la pombe ya dengelua, kwa hiyo sababu huwa ni chache. Watu walijaa. Walibeba meza, betri, mabati, kioo cha mitambo, hata kipande cha zulia cha mlangoni. Wanawake walimshusha jogoo kwa zamu huku wakiimba na kumtania kwamba mbona hatagi. Kufika jioni kila kitu kilikuwa mahali pake, na fundi alipopigiwa simu kuambiwa asijisumbue, kijiji kizima kilijisikia vizuri.

Kitu kimoja tu hakikubebwa, nacho ni namba. Kimo cha kurudia kilikuwa mita mia na ishirini, kilichopangwa enzi jogoo yuko begani. Kutoka begani mpaka ncha ya mti mrefu kuliko yote mgongoni ni mita sabini, kwa hiyo mashine ilipita na nafasi ikabaki. Sasa jogoo alikuwa chini mita mia mbili, na namba ilikuwa ileile. Wiki zote hizo hakuna aliyegundua, kwa sababu mnara ulikuwa mzima na Navoneiwa mwenyewe aliziongoza mashine kupitia Lango, lile pengo kati ya Ngofi na mlima wa pili. Leo mnara umekufa. Machela itamsikiliza jogoo, itapanda mita mia na ishirini juu ya zahanati, na itakuja imenyooka kuelekea kwenye ubavu wa mlima na mwanamke mwenye uchungu ndani yake.

Sasa Navoneiwa aliogopa. Akatoka mbio.

Mumewe, Eliamani, alikuwa chini ya ukingo wa paa la zahanati akisafisha matope kwenye jembe. Alikuwa ametoka shambani kwenye tangawizi, anangoja nguo zikauke kidogo kabla ya kuingia kumwona baba yake.

"Chukua spana," Navoneiwa alimwambia. "Mfungue jogoo. Mpandishe begani."

"Jogoo? Yule tuliyemshusha juzi?"

"Huyo huyo. Akipanda yeye, nyumbani kunapanda, na machela inapanda naye. Namba siwezi kuibadilisha, machela hainisikii. Jogoo inamsikia. Simu zimekufa, siwezi kuwaambia Chambeta wasubiri. Namkunda akiondoka kabla hujafika juu, anagonga mlima."

Eliamani hakuuliza tena. Alikuwa mtu wa kuelewa kwa mikono; nati ya kwanza ilishatoka kabla mkewe hajamaliza kueleza. Nati ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akasimama.

"Na kipanga?"

Navoneiwa aliziokota nati tatu zilizotoka.

"Mama Elineema, kipanga nacho kinamsikiliza jogoo huyuhuyu. Damu ya baba itakwenda wapi?"

"Itakwenda begani."

"Tuweke jogoo mwingine hapa."

"Hatuna. Na tungekuwa naye, mashine ikisikia majogoo wawili huzunguka hewani mpaka betri iishe."

Walitazamana. Kutoka begani mpaka zahanati, siku kavu, kijana mwenye miguu mizuri hushuka kwa robo saa. Leo haikuwa siku kavu, na mzee Mbonea alikuwa ametapika damu tangu usiku wa jana; Aikande alishasema kwamba anamhesabia kwa dakika.

"Umemwuliza?" Eliamani alisema.

"Bado."

"Ni damu yake, Mama Elineema."

"Najua ni ya nani. Wewe nenda. Nitamwuliza. Akikataa nitamwambia Mzirai apulize milio mitatu mifupi, urudi. Ukisikia mlio mrefu, endelea."

Eliamani alimbeba jogoo mgongoni kwa khanga ya mkewe, ile ile yenye chai, akakaza fundo kifuani. Akaanza kupanda.

3

Mzirai alikuja na pembe yake kabla hajaitwa, maana mtu akiona jogoo anapita mgongoni mwa mwanaume hahitaji kuambiwa kuna jambo. Navoneiwa alimweleza kwa kifupi. Aite watu, wajipange njia nzima kutoka zahanati mpaka begani, wenye nguvu sehemu za utelezi. Na asimame uani pale pale, asubiri neno lake.

"Neno gani?"

"La baba mkwe."

Pembe ililia mlio wa kuwaita watu. Simu zote za Ikongwe zilikuwa zimekufa pamoja na mnara, lakini pembe haikuhitaji mnara, na milango ilianza kufunguka huku na huko kwenye mvua.

Ndani ya zahanati mzee Mbonea alilala nyuma ya pazia la maua ya njano. Katika familia ile mkaza mwana hasimami mbele ya kitanda cha baba mkwe, na Navoneiwa hakuwahi kufanya hivyo tangu aolewe. Alisimama upande wake wa pazia. Aikande alikuwa upande wa pili, ameshika mkono wa mgonjwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe." Sauti ilikuwa nyembamba lakini haikuwa imelala. "Pembe ya nini? Leo siyo siku ya msaragambo. Au mmeamua kunichimbia kaburi mapema?"

"Huyu hachimbiwi leo," alisema Aikande. "Mpare hafi akiwa na kesi mezani."

"Na wewe Mchaga unasubiri nife uuze kitanda."

Navoneiwa alilishika pazia kwa mkono mmoja. Njiani kutoka uani alikuwa amejiuliza kama ni haki kumwuliza. Mtu anatokwa na damu, halafu unamwekea mbele roho ya mwenzake umwambie achague. Akikubali, amekubali kwa kuwa amebanwa. Asipoulizwa, ameamuliwa kama mzigo. Mlango ulifika kabla hajamaliza kuwaza.

"Baba, nina neno zito."

"Sema."

Alisema yote. Alisema mnara, machela, Namkunda, namba. Akasema na damu pia. Hakumficha kwamba kipanga kitatua begani, na kwamba watu watajitahidi kuifikisha lakini njia ni tope tupu.

Nje mvua ilipiga mabati.

"Kwa hiyo," mzee alisema polepole, "kituo ambacho nilikwenda barazani mara nne kukishusha, ninyi mnakipandisha."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi ndiye niliyekishusha."

"Tulikishusha wote. Namba tuliisahau wote."

"Sikukuuliza hilo." Alipumua. "Namkunda ni mtoto wa nani?"

"Wa marehemu Senkondo. Wa Chambeta."

"Senkondo yule aliyenishinda kesi ya mfereji?"

"Huyo, baba."

Aikande alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Mzee naye akatoa sauti ambayo ingekuwa kicheko kama tumbo lingeruhusu.

"Ningemwua binti yake sasa, angesema nimekata rufaa," alisema. "Mpandisheni huyo jogoo. Lakini mwambie anayebeba damu asikimbie akaanguka. Aje kwa haraka ya mtu mwenye akili."

Navoneiwa alitoka na machozi machoni, akamwashiria Mzirai. Pembe ililia mlio mrefu, ukapanda na mlima.

4

Kituoni kioo kilikuwa bado cheusi, na alama ya jogoo ilikuwa palepale kwenye kona. Pembeni yake ilisomeka namba ya kimo chake, kikihesabiwa kutoka kwenye zege alipofunguliwa. Navoneiwa alikaa, akaitazama. Hakuwa na kitu kingine cha kurusha siku hiyo.

Themanini na sita. Themanini na tisa.

Ilikuwa namba ya mumewe. Alimwona ndani yake: hapa ameshaiacha migomba ya kina Mzirai, hapa anavuka kijito, hapa anashika mizizi. Kwa hesabu zake jogoo alihitaji kufika mita mia na hamsini ili machela ipite ikiugusa msitu wa mgongoni, na kila mita baada ya hapo ilikuwa nafuu. Watu wangeuliza kwa nini haikuandikwa namba kubwa tangu mwanzo, mia tatu na ishirini, na jogoo akabaki zake chini. Wangeuliza kwa kuwa hawajawahi kuihesabia machela betri yake. Machela ikiondokea chini, ikapanda hadi kimo kile na kurudi nacho ikiwa na mtu ndani, betri yake haitoshi kwa safari ya Chambeta. Ingebidi Chambeta iachwe, na Chambeta ilikuwa na kaya hamsini.

Mia na nane. Mia na kumi na tano. Mia na kumi na tano. Mia na kumi na tano.

"Inuka," aliiambia namba. "Inuka, baba Elineema."

Mia na kumi na nne.

Ameanguka, alijua. Akasimama, akaketi, akasimama tena. Kisha namba ikaanza kwenda, tena kwa kasi ambayo Eliamani hakuwa nayo tangu wapate mtoto wa pili, na Navoneiwa akaelewa kwamba amempokeza mwingine. Mia na ishirini na mbili. Mia na thelathini. Pembe ilikuwa imewatoa watu nje hadi kule juu, na jogoo alikuwa anapita mgongo hadi mgongo kama siku ile alipokuwa anashuka, ila leo hakuna aliyeimba.

Mia na arobaini na moja, na hapo akaisikia.

Mtu aliyefanya kazi na machela huisikia kifuani kabla ya masikioni. Muungurumo ulitoka ng'ambo ya Ngofi, mzito, ukikaribia. Namkunda ameshafungwa mikanda. Ameshabonyeza kitufe cha kijani, kile cha kuondokea. Yuko hewani.

Mia na arobaini na nne. Mia na arobaini na saba.

Navoneiwa alitoka nje, akasimama kwenye mvua bila khanga, uso juu. Hakuona kitu ila ukungu mweupe. Aikande alifungua dirisha la zahanati, na nyuma yake, kwa sauti ile nyembamba, mzee Mbonea aliuliza kama ndiyo yenyewe.

"Ndiyo yenyewe, mzee."

"Mbona iko chini?"

Ilikuwa chini kweli. Muungurumo uliujaza mlima wote, na Navoneiwa alifumba macho. Halafu sauti ya pangaboi ikabadilika. Ikawa kali zaidi, ya mashine inayojivuta kwenda juu, kwa sababu kule mbele mwanakijiji fulani mwenye mapafu mazuri alikuwa anakimbia na nyumbani mgongoni, na kila alichopanda yeye machela ilikipanda pia. Matawi yalivunjika. Yalivunjika mengi, kwa mpasuko uliosikika mpaka uani, na majani yaliyokatwakatwa yalielea kwenye ukungu yakadondoka juu ya mabati ya zahanati.

Kisha muungurumo ukawa upande wao wa mlima.

Navoneiwa alirudi ndani kutazama kioo. Mia na sitini na tatu. Mia na themanini. Mia mbili. Namba ikasimama, na haikusogea tena.

5

Kipanga kilifika muda mfupi baadaye, kikapita juu ya zahanati kikivuma, kikaenda zake mlimani. Aikande alikiangalia kikipotea na sanduku jekundu tumboni, akasema neno moja la Kichaga ambalo hakulitafsiri.

Waliobaki chini walisubiri. Damu ilishuka kwa njia ya mikono. Hakuna aliyekimbia, aliyeipokea alitembea hatua zake kumi au ishirini mpaka kwa aliyemfuata, akampa, na sanduku likaendelea. Kwenye utelezi waliketi chini wakapitishiana mapajani. Mtu wa mwisho alikuwa mwalimu wa shule, mama mnene asiyependa haraka tangu azaliwe, na aliingia zahanati akiwa amelikumbatia sanduku lile kifuani huku akisema, "Taratibu, taratibu," akijiambia mwenyewe.

Aikande alilichukua. Pazia likafungwa.

Namkunda alishuka nyuma ya damu kwenye machela ya mikono, miti miwili na blanketi, wanaume wanne chini yake na wanne pembeni wakisubiri zamu. Kichwani mwake mlikuwa na majani mabichi. Alipomwona Navoneiwa alimshika mkono kwa nguvu ya mwanamke mwenye uchungu, ambayo ni nguvu ya ajabu.

"Dada, mbona mashine yako ilipita kwenye miti?"

"Nitakueleza. Zaa kwanza."

Alizaa kabla giza halijaingia, baada ya Aikande kumgeuza mtoto kwa saa nzima ya jasho, na mtoto alikuwa msichana, naye alilia kwa sauti ambayo ilifanya watu waliokuwa uani na matope mpaka magotini wacheke na kupigana mabegani. Eliamani alikuwa kati yao, goti limechanika, amekaa juu ya ndoo. Navoneiwa alikwenda akakaa kwenye matope karibu naye. Alifurahi tu kwamba yuko pale na kwamba anatoa moshi wa jasho.

Ndani, nyuma ya pazia, mzee Mbonea alikuwa hai. Alikuwa amezimia kwa muda ambao Aikande hakutaka kuutaja, lakini damu ilimwingia, na usiku aliomba uji.

6

Siku ya nne aliomba kumwona mkwewe.

Navoneiwa alisimama upande wake wa pazia kama kawaida. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Fungua hilo pazia."

"Baba..."

"Nimeingiziwa damu ya watu nisiowajua, tabia zangu zimeshaharibika. Fungua."

Akalifungua. Mara ya kwanza katika miaka yote ya ndoa yake alimtazama baba mkwe kitandani: mtu mdogo kuliko sauti yake, mwenye macho makali.

"Nataka unijibu kitu. Eliamani ameniambia kwamba ulipokuja kuniuliza, yeye alikuwa ameshavuka kwenye migomba ya Mzirai."

"Ni kweli."

"Na Mzirai amesimama na pembe, anasubiri jibu langu."

"Ni kweli, baba."

"Ningesema hapana. Ungempa ishara ya milio mitatu?"

Aikande, aliyekuwa anakunja shuka, aliacha kukunja.

Navoneiwa alikuwa ameshajiuliza hilo swali kila usiku. Angeweza kumpa mzee jibu tamu, naye angelipokea, maana alikuwa mgonjwa. Lakini pazia lilikuwa wazi.

"Hapana," alisema. "Nisingempa."

Mzee Mbonea alijiinua kwa kiwiko.

"Basi ulikuja kuniuliza nini?"

"Ilikuwa damu yako. Niliona vibaya kuichukua bila kukutazama." Akajirekebisha. "Bila kukuambia. Kukutazama sikukutazama. Na nilitaka ukubali, baba. Nilitaka sana."

"Ndiyo. Nilisikia." Aligeukia dirishani. Mlima ulikuwa wazi siku hiyo, na mgongoni, kwenye msitu, kulionekana mkato mwembamba ambapo machela ilipita. "Mimi nimekaa barazani maisha yangu yote. Najua mtu anayeniuliza na mtu anayeniarifu. Wewe ulikuwa unaniarifu kwa sauti ya kuuliza."

"Nisamehe, baba."

"Sijasema nimekasirika. Ningekuwa mimi ndiye mrushaji, hata huko kwenye pazia nisingefika." Akavuta shuka. "Ila nitakwenda barazani."

"Kunishtaki?"

"Wewe? Wewe utakuwa shahidi wangu."

Akaenda, akiwa bado amekonda, na alichotaka kilikuwa hiki. Jogoo akae begani, Chambeta isiachwe. Asiyeweza kupanda abebwe, na kila upande wa kijiji uwe na zamu yake ya kubeba kama zamu za msaragambo. Na siku nyumbani kutakapohamishwa tena kwa dharura, anayengoja chini aambiwe kabla, kwa maneno yaliyonyooka, hata kama jibu lake halitabadilisha kitu. Watu wa baraza walibishana naye juu ya kipengele hicho mpaka chakula kikapoa. Nini faida ya kumwuliza mtu asiyeweza kukataa, walisema. Mzee Mbonea alisema wao hawajawahi kulala nyuma ya pazia. Wakampa.

Jumamosi pembe ililia. Ikongwe ilipanda Ngofi na meza, betri, mabati, kipande kile cha zulia, na jogoo, aliyekuwa ameshushwa tena mnara uliporudi, na safari hii kwa nyimbo. Namkunda alikuwepo, mtoto mgongoni. Vijana wanne walimwekea mzee Mbonea machela ya mikono mlangoni. Aliizunguka akiikagua, akawaambia miti imepinda, akapanda kwa miguu yake na fimbo. Alifika nusu, kwenye kijito, akakaa juu ya jiwe akihema. Kijiji kizima kikampita, na kila aliyepita alimtania kuhusu kesi, naye akamjibu kila mmoja.

Navoneiwa alikuwa nyuma ya wote. Alimwamkia, akapita, akaendelea kupanda. Alikuwa ameshafika kwenye mizizi alipomsikia akiita kutoka chini kwa sauti yake yote ya barazani.

"Mkwe!"

"Abee, baba!"

"Meza naona imepita! Jogoo naona amepita! Namba je, nani kaibeba?"

Mlima wote ulicheka. Navoneiwa aligeuka akamtazama, mbele ya watu, bila pazia.

"Nimeibeba mimi, baba!"

"Ngapi?"

"Mia na ishirini!"

"Kutoka wapi?"

Navoneiwa aliinua mkono, akaonyesha juu, begani kwa Ngofi, ambako Eliamani alikuwa ameshapiga magoti anakaza nati ya kwanza.